Darasa la Mtandaoni Lenye Nafasi kwa Kila Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu wa Dodoma

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi, walimu na vijana wanaojitolea kufundisha watoto wa shule za msingi kwa njia ya mtandao, hapa Dodoma mjini na wilaya za jirani. Maswali ni yale yanayotufikia kwa simu, kwenye vikao vya wazazi na hata njiani.

Kiungo cha darasa si ni kimoja kwa wote? Huu ujumuishi mnaousema kila siku unaingiaje?

Kiungo ni kimoja, ila wanaokipokea hawafanani. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3 kwa Sensa ya 2022, na tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 darasa moja la Ilazo au Nzuguni linaweza kuwa na mtoto aliyezaliwa Bukoba, mwingine Mtwara, na mwenyeji ambaye bibi yake anamsemesha Kigogo tangu asubuhi hadi jioni. Ongeza watoto wa wafugaji wa Bahi na wale wa Chemba ambao nyumbani kwao kuna lugha mbili au tatu. Mmoja ana kishikwambi chake na Wi-Fi sebuleni. Mwenzake anasubiri simu ya mama irudi kutoka soko la Majengo, na ikirudi ina chaji ya asilimia tisa. Mwingine haoni, mwingine hasikii, mwingine anaona na kusikia vizuri ila hawezi kuketi sehemu moja dakika kumi.

Darasani kwenye madawati, mwalimu anamwona mtoto aliyejikunyata nyuma. Mtandaoni mtoto aliyeachwa haonekani kabisa. Jina lake halijatokea, somo linaendelea, na jioni mwalimu anaandika kwamba kipindi kilikwenda vizuri. Nchi nzima ililiona hili shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020. Vipindi vilihamia redioni, kwenye televisheni na mitandaoni. Wenye vifaa wakaendelea kusoma, wengine wakakaa hadi shule za msingi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni.

Kwa hiyo sisi tunapanga kila somo kwa kumwangalia kwanza mtoto mwenye nafasi ndogo kuliko wote, halafu tunaongeza vya wengine juu yake. Tukianza na mwenye kishikwambi, wa mwisho hafikiwi kamwe.

Nyumbani tuna simu moja tu, tena ya kitochi. Mwanangu atasomaje?

Atasoma. Msingi wa somo letu ni karatasi na sauti, video inakuja baadaye kwa mwenye uwezo nayo. Kila wiki mwalimu anaandaa ukurasa mmoja wa kazi, mbele na nyuma, unachapwa steshenari na kuachwa mahali ambapo wazazi wanapita: kwa mwalimu wa zamu, dukani, au kwa mjumbe. Halafu watoto wanne au watano wanaoishi karibu wanakusanyika nyumba moja, mwalimu anapiga simu, mzazi anaweka spika, na wanasoma pamoja wakiwa na ile karatasi mikononi. Kitochi kinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Vitochi vingi pia vinapokea kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo masomo ya sauti tunayaweka humo na mtoto anarudia kusikiliza bila senti ya bando.

Mwenye simu janja ya pamoja tunamhudumia kwa ujumbe wa sauti na maandishi. Hapa hesabu ni muhimu kuielewa. Ujumbe wa sauti wa dakika tano hauzidi MB 2. Saa moja ya somo mbashara la video inaweza kula zaidi ya nusu ya GB. Mzazi anayenunua bando la siku hawezi kulibeba hilo mara tatu kwa wiki, na hatakuambia kwamba limemshinda. Atasema tu mtoto alikuwa anaumwa. Ndiyo maana somo la Zoom, programu ya kukutana kwa video, kwetu ni mara moja kwa wiki, na anayelikosa hakosi chochote cha lazima, kwa sababu kila kilichosemwa kinapatikana pia kwa sauti na kwa karatasi. Zoom ya bure inakata kikao baada ya dakika 40, nasi tunaridhika nayo. Mtoto wa darasa la tatu akizidisha hapo anaangalia dari.

Kuna njia nyingine tunazipenda. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu mmoja akishapakua anaweza kuwarushia wengine simu kwa simu. Programu ya Kolibri inaiwezesha kompyuta moja ya shule kuwa maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti kabisa. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyotengenezwa hapa hapa Tanzania, vinapatikana kwenye televisheni na redio pia. Halafu kuna vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu kumalizika. Mwalimu akikaa chini ya mwarobaini na watoto watano na kishikwambi kimoja, hilo nalo ni darasa la mtandaoni, tena zuri.

Wanaosema mtoto hawezi kujifunza peke yake kwa kifaa wakumbuke shindano la Global Learning XPRIZE lililomalizika mwaka 2019. Watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga, wengi wao wasiojua kusoma, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na wakapiga hatua. Programu zilizoshinda, Kitkit School na ile ya onebillion, ziliachwa wazi zitumike bure. Hata hivyo, watoto wale walipewa vifaa na umeme wa jua wa kuvichaji, jambo ambalo linasahaulika kila habari hii inaposimuliwa.

Kamera ni lazima iwashwe?

Hapana, na mwalimu haruhusiwi kuuliza sababu mbele ya darasa. Mtoto anaweza kuwa amekaa jikoni, au chumba kimoja na wadogo zake wanaolala, au hana sare. Mahudhurio tunayapima kwa kazi aliyorudisha au jibu alilotuma kwa sauti.

Mbona ratiba yenu inabadilika? Kwa nini msiweke Jumamosi asubuhi moja kwa moja?

Kwa sababu Jumamosi asubuhi inawafungia nje Wasabato wote, na watoto wengi wa Kiislamu wako madrasa. Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Ijumaa mchana haifai. Mwezi wa Ramadhani somo la jioni linagongana na futari. Haya yote tumeyapata kwa kuwauliza wazazi, na inatosha kuwauliza mara moja mwanzoni mwa muhula.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakisemwi mpaka ukiulizie. Saa kumi na moja jioni inaonekana saa nzuri kwa kila mtu, ila ndiyo saa ambayo msichana yuko kwenye foleni ya maji au anakoleza moto, na mvulana wa mfugaji anarudisha ng'ombe. Ukiangalia orodha ya walioingia utadhani wasichana hawapendi hesabu. Tumepata nafuu kwa kuweka somo lile lile nyakati mbili, moja mchana na moja baada ya chakula cha usiku, na kwa kuwaomba wazazi kwenye kikao, waziwazi, kwamba nusu saa hiyo kaka mtu achukue ndoo. Mababu na mabibi wametuunga mkono katika hili kuliko tulivyotarajia. Bibi mmoja wa Mpunguzi alisimama kwenye kikao akasema, "Wajukuu zangu wote wana mikono miwili." Tangu siku ile sikuhitaji kueleza zaidi.

Mvua nazo zina ratiba yake. Dodoma ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na wakati wa palizi familia nzima iko shambani. Tunapunguza kazi kipindi hicho na kuirudisha baada ya mavuno.

Mwanangu haoni. Je, mtandao una maana kwake?

Una maana kubwa, walimu wakibadilisha tabia chache. Simu za Android zina TalkBack, programu iliyomo ndani ya simu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA, nayo ni ya bure. Kinachoziua programu hizi ni picha ya ubao. Mwalimu anaandika ubaoni, anapiga picha, anarusha kwenye grupu, na anaamini ametuma somo. Kwa mtoto asiyeona simu inasema "picha" na kunyamaza. Andika maneno yale yale kama ujumbe, au yasome kwa sauti. Ukituma mchoro wa ua, eleza: petali tano, kikonyo chini, chavua katikati.

Wakati wa somo mbashara, acha kusema "hii jumlisha hii" na "kama mnavyoona hapa". Sema namba zenyewe. Utashangaa wangapi kati ya wanaoona watakushukuru, kwa sababu nao skrini zao ni ndogo na zimepasuka.

Wanaosoma nukta nundu, maandishi ya kugusa kwa vidole, wasiachishwe kwa kisingizio cha simu inayoongea. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje. Chamwino tuna shule kongwe ya wasioona ya Buigiri; mzazi mwenye mtoto mdogo asiyeona na aliyeko nyumbani aende akazungumze na walimu pale kabla ya kuamua lolote, na darasa la mtandaoni liwe nyongeza ya shule.

Na mtoto mwenye ualbino au uoni hafifu?

Wengi wao wanaona vitu vya karibu tu, na mwanga mkali unawaumiza. Herufi ziwe kubwa na nene, nyeusi kwenye rangi nyeupe au njano hafifu. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, lakini kipimo cha haraka ni kutoka nje na simu saa sita mchana, kuinyoosha mkono mzima, na kujaribu kusoma. Ukishindwa wewe, yeye ameshindwa zamani.

Masomo ya kikundi chini ya mti yanahitaji uangalifu zaidi kwao. Mtoto akae kwenye kivuli kizito, mgongo ukielekea mwanga, na kofia yake asivuliwe kwa sababu ya "nidhamu". Awe na nakala yake ya karatasi, kubwa, badala ya kuchungulia ya mwenzake. Kuhusu usalama wake njiani, wazazi wanajua wenyewe kwa nini tunamtaka mtu mzima amlete na amchukue.

Mwanangu ni kiziwi. Video zenu zinamsaidia?

Zikirekodiwa vizuri. Mama mmoja wa Bahi alituletea simu atuonyeshe kipindi ambacho mwanawe alikikataa. Mwalimu alikuwa amekaa mezani na dirisha nyuma yake. Uso wake ulikuwa giza tupu, mikono inapita kama kivuli, na shati lake la maua lilifanya vidole vipotee kila alipovileta kifuani. Mtoto aliangalia dakika mbili, akaigeuza simu kifudifudi. Kipindi kilirekodiwa upya mchana ule ule. Mwalimu alihamia upande wa pili wa meza ili mwanga umpige usoni, akaazima shati la bluu lisilo na maua, na simu ikasogezwa nyuma hadi kichwa, mikono na kiuno vikaingia vyote. Hakuna shilingi iliyotumika. Mtoto alikiangalia hadi mwisho, akarudia.

Maandishi yanayojitokeza yenyewe chini ya video hukosea sana kwenye Kiswahili, kwa hiyo tusiyategemee. Andika muhtasari wa somo kwa sentensi fupi. Mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania akipatikana, asiwekwe kwenye kidirisha kidogo pembeni; awe na nafasi sawa na mwalimu.

Pia tukumbuke kwamba kiziwi ambaye hajawahi kukaa na viziwi wenzake mara nyingi ana alama za nyumbani kwao tu. Wiki za kwanza mama au dada ndiye mkalimani wa kweli, na mwalimu anajifunza kutoka kwao. Mtandao hapa una faida ambayo shule ya kijiji haina: watoto viziwi wa vijiji vitatu wanaweza kuonana kwa simu ya video na kuzungumza kwa mikono. Kwa hiyo bando la video likiwa dogo, linaanza kwa mtoto kiziwi. Wengine sauti inawatosha.

Mwanangu ana usonji, kelele za darasa la Zoom zinamvuruga.

Asilazimishwe kuingia mbashara. Mpe rekodi, aiangalie vipande vipande akiwa mahali anapopazoea. Watoto hawa wanasaidika sana na utaratibu usiobadilika: salamu ile ile, mwalimu yule yule, kazi inayofuata ikitajwa mapema. Mwalimu akiugua na mwingine kushika kipindi, mzazi aambiwe siku moja kabla. Vivyo hivyo kwa mtoto anayejifunza polepole. Mpunguzie idadi ya maswali, umwongezee muda, na matokeo yake yasibandikwe kwenye grupu. Kwa kweli matokeo ya mtoto yeyote yasibandikwe kwenye grupu.

Nyumbani tunaongea Kigogo. Walimu wanasema tumwongeleshe Kiswahili tu ili asibaki nyuma. Ni kweli?

Endeleeni na Kigogo. Mtoto aliyezoea kusimulia, kuhesabu na kuuliza kwa lugha ya nyumbani anakuja na akili iliyokwisha kufunguka, na Kiswahili kinajengwa juu yake. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na ndicho tunachotumia sisi, ila hatumkatazi mtoto kutuma jibu lake la kwanza kwa lugha anayoimudu. Mtoto wa Chemba anayeongea Kisandawe, lugha yenye sauti za kudonoa ulimi ambazo Kiswahili hakina, akinyamaza wiki tatu za kwanza haina maana kwamba hajui. Anasikiliza. Mpe kwanza kazi za kuchora, kupanga, kuhesabu, kisha kurudia kwa sauti peke yake kwenye simu. Ujumbe wa sauti unamsaidia hapa kuliko darasa la ana kwa ana, maana anaweza kuufuta na kurudia mara kumi kabla ya mtu mwingine kuusikia.

Lafudhi haisahihishwi hadharani. Anayesema kwa lafudhi ya kwao na kueleweka, ameeleweka.

Tuna desturi moja ambayo watoto wanaipenda: kila wiki mmoja anafungua somo kwa salamu ya kwao. Tumeshasikia Mbukwenyi, Mwangaluka, Kamwene, Ugonile. Wengine wanaitikia, wanakosea, wanajaribu tena. Inachukua dakika moja.

Watoto wanataniana makabila kwenye grupu. Si ni utani wetu wa kawaida?

Utani una watu wake na mahali pake. Mtu mzima na mtani wake wakikutana msibani wanajua mpaka uko wapi, na kesho yule aliyetaniwa atalipiza kwa zamu yake. Mtoto wa darasa la nne kwenye grupu la watu sitini hana mtani. Ana wanaomcheka, na maneno yanabaki kwenye simu, yanasomwa tena usiku, yanapelekwa kwenye grupu jingine.

Nayataja maneno yenyewe kwa sababu wazazi wengi hawaamini mpaka wayaone: Mgogo anaitwa "omba-omba", mtoto mwenye ualbino anaitwa jina ambalo sitaliandika, wa kijijini ni "mshamba", na wa shule ya serikali ni "kayumba" kwa yule wa ingilishi midiamu. Siku hizi hawaandiki hata neno. Picha ya mwenzao inageuzwa stika na kurushwa kila anapojibu swali.

Utaratibu wetu ni huu. Ujumbe unafutwa papo hapo bila hotuba. Siku ile ile mwalimu anampigia mzazi wa aliyeandika, kwa simu na si kwenye grupu, na anampigia pia mzazi wa aliyeandikiwa. Hatumlazimishi mtoto kuomba radhi mbele ya wote. Radhi ya namna hiyo humfanya mkosaji awe shujaa na aliyeumizwa aumie mara ya pili. Wakizungumza wao wawili, na mtu mzima akiwapo, inatosha. Akirudia, grupu linafungwa waandike walimu tu kwa wiki moja, na yeye anaendelea kupokea masomo kama kawaida. Hatumfukuzi mtu. Mtoto aliyefukuzwa grupu amekosa shule.

Na mwalimu naye achunge ulimi wake. Akisema mara moja tu "nyie wa kijijini mmeelewa?", watoto wamepata ruhusa.

Mifano ya masomo inahusiana vipi na mambo haya?

Mtoto anajifunza kama yumo au hayumo kupitia mifano. Kazi nyingi zinazozunguka mtandaoni zina minazi, mashua na samaki wa bahari. Hatuzitupi, kwani mtoto wa Kongwa ana haki ya kuijua bahari. Ila naye akutane na zabibu za Hombolo kwenye kuzidisha, magunia ya mahindi ya soko la Kibaigwa kwenye vipimo, na treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam kwenye kasi na muda. Kwenye historia, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko ndani ya mkoa wao. Kwenye sanaa, Hukwe Zawose alitoka hapa Dodoma akaufikisha muziki wa Kigogo, wa ala za zeze na ilimba, kwenye majukwaa ya dunia. Ukiwarushia watoto dakika mbili za ilimba halafu ukauliza nani ana babu anayepiga, mikono itakayonyanyuka ni ya wale walionyamaza muhula mzima.

Angalia pia nani anafanya nini kwenye maswali yako. Mama afundishe udereva, baba apike mlenda, Hamisi na Neema wagawane faida ya duka. Msichana mwenye kiti cha magurudumu anunue tiketi ya basi na arudishiwe chenji, kama mtu yeyote, bila mtu kumwonea huruma kwenye sentensi.

Mwanangu ni mwepesi. Hatacheleweshwa na wengine?

Swali la haki, na mzazi asione aibu kuliuliza. Somo la pamoja linabeba kiini tu. Kila karatasi ina maswali ya ziada upande wa nyuma, magumu kweli. Wepesi pia wanapewa kazi ya kurekodi maelezo ya dakika moja kwa ajili ya wenzao. Anayejaribu kumweleza mwenzake asiyeona namna ya kugawanya kwa njia ndefu, bila kusema "hapa" wala "pale", anagundua haraka sehemu ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa.

Binti yangu aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Anaruhusiwa?

Anakaribishwa. Novemba 2021 Serikali iliondoa katazo lililokuwa likiwazuia kurudi shuleni, na waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali wanaruhusiwa kurejea. Darasa la mtandaoni humsaidia kushika kasi akiwa na mtoto mchanga nyumbani, huku mkifuatilia nafasi yake ya shule. Historia yake haitajwi kwa yeyote darasani.

Sheria inasemaje kuhusu haya yote?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, tena katika mazingira jumuishi, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mzazi hahitaji kuomba kama fadhila.

Mnalindaje watoto na taarifa zao?

Kwanza namba za simu. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu, na akina mama wamekuwa wakipigiwa usiku na watu wasiowajua. Matangazo yetu tunayatuma kupitia jumuiya ya WhatsApp ambako wanachama hawaoni namba za wenzao. Kila grupu lina watu wazima wawili, na mwalimu hamwandikii mtoto faraghani. Ujumbe unapitia kwa mzazi.

Pili picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia picha na sauti za watoto. Hatumpigi picha mtoto bila idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na hatutumii picha za watoto wenye ulemavu kuombea misaada. Kama mtoto amesumbuliwa, ametishwa au ameombwa picha mbaya na yeyote, awe mwalimu au mgeni, msifute ushahidi. Pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mimi ni mwalimu wa kawaida, sijasomea elimu maalumu. Nitaweza?

Utaweza sehemu kubwa. Mzazi ndiye anayemjua mtoto, kwa hiyo swali lako la kwanza liwe, "Mama, nyumbani anajifunzaje vitu?" Halafu nyamaza usikilize. Yanayokuzidi mpelekee afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Usijipe kazi ya kumtaja mtoto kwa ugonjwa ambao daktari hajausema.

Mtoto akitoweka darasani, mnafanya nini?

Akikosa mara mbili mfululizo, mwalimu anapiga simu. Hatutumi ujumbe, kwa sababu ujumbe unaweza kusomwa na mtoto mwenyewe au na mtu asiyehusika. Simu isipopatikana, tunamuulizia kwa jirani aliye kwenye kikundi chake, kisha kwa mwalimu mkuu wa shule yake au mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi sababu ni nyepesi: simu imeuzwa, familia imehamia shambani, laini imefungiwa. Kazi zake zote zinawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu pamoja na karatasi zilizochapwa, na tunampa kondakta wa basi au bodaboda anayejulikana na familia. Jina lake halifutwi kwenye orodha hadi tumezungumza na mtu wa nyumbani kwake, hata kama muhula umeisha.